Rangi Bila Triga

Nyamai, polisi wa akiba huko Kyuso, alikuwa na shida moja tu na bunduki aliyopewa kulinda mifugo: triga ilikuwa ngumu. Fisi angemaliza kula mbuzi mzima yeye bado anavuta.

Siku ya ukaguzi akaona aibu kupeleka bunduki iliyobambuka rangi kama kiazi cha kuchoma, akaisugua kwa rangi ya viatu hadi ikang'aa. Mkaguzi alipoishika, viganja vikabaki vyeusi tititi.

"Mzee, hii ni bunduki ama ni kiatu cha kwenda kanisani?"

"Afande, wachana na rangi. Jaribu triga."

"Nijaribu na mikono gani sasa?"

Askari wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Mkaguzi akaandika: ipelekwe ikapakwe rangi.

Miezi mitatu Nyamai akalinda mbuzi kwa rungu na makelele. Bunduki iliporudi ilimeta, hata mkewe Mbinya akaisifu. Nyamai akaigeuza, akaitazama triga, akasonya. Nayo mafundi walikuwa wameipaka rangi ikakaukia ndani, na sasa haikuvutika hata kidogo.

"Mbinya," akasema, "hebu niletee ile rungu yangu."