Daftari la Kumi kwa Kumi

Kitindamimba wa nyumba ile alikuwa mzito wa Kiingereza. Lakini siku mwalimu wa masomo ya jioni alipoandika ubaoni "look after", akaeleza kwamba maana yake ni kutunza, si kutazama tu, alicheka kimoyomoyo. Kazi hiyo nani angemfundisha? Mwaka wa nne huo alikuwa akimuuguza mama yake aliyepooza.

Mwalimu alikuwa na kanuni moja: sentensi kumi, zote za nyumbani kwako, za kuokoteza hataki. Kitindamimba akaandika kwa Kiingereza. Ninamgeuza mama kila baada ya saa mbili. Ninamnywesha kwa kijiko, kichwa kikiwa juu. Ninakausha mgongo kabla ya mafuta. Akapata kumi kwa kumi, na daftari likapita mkono kwa mkono darasani. Mungu amsamehe, kalamu nyekundu ilimlevya. Kwa sentensi hizohizo akafaulu usaili wa kwenda ng'ambo kutunza bibi wa watu.

Siku ya safari teksi ilikuwa ikipiga honi. Akamkabidhi mke wa kaka yake lile daftari.

"Wifi, mama nakuachia. Kila kitu kimo humu."

"Nenda salama. Kwani mama si wetu sote?"

Kila alipopiga simu aliambiwa mama hajambo, na wifi hakuwa mwongo. Alimpikia uji, alimfulia mashuka, alimpigia soga kutwa. Mwezi wa nne tangu aondoke, simu ilipokewa na kaka.

"Mama amelazwa. Mgongo wote ni vidonda. Daktari anasema tumechelewa."

"Hamkuwa mkimgeuza?"

Wifi akainyakua simu, analia. "Kumgeuza? Nilimwona ametulia, nikamwacha apumzike. Nani aliniambia?"

"Si nilikuachia daftari!"

"Lile la Kiingereza? Mimi Kiingereza nakijulia wapi, wifi? Niliona haya kukuuliza. Lipo kabatini, hata vumbi halina."

Kitindamimba alitafuta la kumlaumu, akakosa. Miaka minne ya kumgeuza mama, na hakuwahi kumketisha wifi yake dakika kumi akamwonyesha. Alimwonyesha alama tu.

Saa ya mkononi ikalia: saa mbili zimetimia. Akakata simu, akafuta macho, akaenda kumgeuza mama wa watu.