Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Mwanangu Jairus alikuwa askari wa msitu hapa Isecheno mpaka serikali ilipoamua kupunguza watu. Aliambiwa nafasi yake haipo tena. Nikamwambia haiwezi kukosekana na miti bado imesimama. Akacheka kidogo, akarudisha koti na kofia, akaenda Lugari kutafuta kibarua cha kuvuna mahindi. Alimwacha mkewe Muhonja na mimba kubwa, na hatukusikia habari zake tena.

Mshahara ulipokatika, sukari ndiyo iliyotutoka kwanza, kisha mafuta ya taa, kisha sabuni. Hayo niliyazoea. Mimi ni mjane mwenye ulimi mkali, njaa hainitishi. Kilichonitisha ni mtoto. Alizaliwa wakati wa mvua, mvulana, akawa wa kulia tu bila kushika ziwa.

Tulimpeleka zahanati. Zamani ungeingia, ukapimwa, ukapewa dawa, ukaenda zako. Sasa unanunua kadi, unakuja na sindano yako mwenyewe, na dawa unaandikiwa ukaitafute mjini. Muuguzi aliyejua watoto alikuwa amepunguzwa pia. Aliyebaki alitutazama kwa huruma, na huruma haichemshwi ikanywewa. Tukarudi nyumbani na mtoto wetu vilevile.

Basi nikashika ya mama zetu. Kwetu mtoto anayelia hivyo hutafutiwa jina, maana kuna mtu wetu aliyetangulia anayetaka kukumbukwa. Mama humweka kifuani, mkongwe akataja majina ya marehemu mmoja mmoja, na likitajwa lenyewe mtoto hunyamaza akanyonya. Wanaotajwa ni waliokufa tu. Aliye hai hatajwi kamwe.

Alasiri moja, mvua ikipiga bati, nikaanza. Nikamtaja mume wangu Nehemiah. Nikamtaja Makhanu, baba yake, na Titus wetu aliyechukuliwa na surua. Kilio tu, tena kilikuwa kimepungua nguvu, na hilo likaniogofya zaidi. Nikashikwa na hasira. Nikauambia ukuta kwamba Jairus angekuwa hapa abebe mzigo wake mwenyewe.

Mtoto akanyamaza, akashika ziwa.

Muhonja aliniangalia kana kwamba nimemwaga kitu cha moto.

“Mama, usirudie hilo jina,” akasema. “Huyo iko hai.”

Nikamjibu kwamba mtoto amechoka tu, watoto hunyamazanga hivyo. Nikataja wengine haraka haraka, hata shangazi Awinja, ingawa mtoto alikuwa wa kiume. Akaliachia ziwa, akalia. Kesho yake utosi ulikuwa umebonyea na machozi yamekauka. Nikakaa naye mapajani nikijua nimebakiwa na mawili, kumwita mwanangu kama marehemu au kumwacha mjukuu anifie mikononi. Sijawahi kuichukia serikali kama siku ile, nayo haikujua hata kama nipo.

Muhonja alifunika uso kwa leso. “Sema, Mama,” akaniambia.

Nikasema. Mtoto akanyonya mpaka akalala, na jina likabaki lake. Matanga hatukufanya, maana hapakuwa na mwili. Lakini nilimwona Muhonja akikunja mashati ya mumewe na kuyaweka chini kabisa ya sanduku, na sikumkataza.

Mtoto alipoanza kutambaa, Jairus akarudi. Alikuja mchana mweupe, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Nilimshika mikono, nikaikuta ina joto. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikalia kama mtoto. Muhonja akamchinjia ingokho, kuku wa kumkaribisha, akasonga ugali. Jairus alimega kidogo tu, akaenda kuketi mlangoni akitazama msitu. Hakuuliza mtoto anaitwa nani, nasi tukaogopa kumwambia.

Jikoni nikaita, “Jairus.”

Mtoto akageuka, akaja akitambaa mpaka miguuni pangu. Aliyeketi mlangoni hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, jinsi nilivyomwita zamani akicheza mtoni. Mtoto akacheka. Nikaenda nikamshika mwanangu bega, naye akaniinulia macho kwa upole, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

“Mama,” akasema, “unamtafuta nani?”