Kwaki ya Mama Eliaichi

Siombi radhi kwa kumsomesha binti. Mwaka wa sabini na nne Eliaichi wangu alichaguliwa kwenda kidato cha tano kusoma fizikia, na shemeji yangu Eliamini akaja kunitaka nimzuie. Tangu mume wangu afariki, Eliamini alikuwa ameniwekea ng'ombe wake. Kwetu Masama ng'ombe wa kuwekewa ni wa mwenyewe, lakini maziwa na samadi ni vya yule anayemkatia majani.

Alitukuta mimi na Eliaichi jikoni tukichuja kwaki, jibini laini niliyofundishwa na Sista Mjerumani wa misheni. Maziwa yakishaganda unayafunga kwenye kitambaa, maji yanadondoka, unabaki na kitu cheupe cha kupaka mkate. Wenye hoteli wa Moshi walikipenda, nacho ndicho kilichomvisha mtoto sare.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hiyo fizikia ina nini hata usiolewe?"

"Ina mengi. Ndani ya atomi kuna vitu vidogo mno, navyo vinaitwa kwaki. Hakuna aliyewahi kupata kimoja kikiwa peke yake. Vimeshikana."

Eliamini alicheka hadi akakohoa. "Aende mbali kote huko kusomea jibini ya mama yake! Asipoacha shule, namchukua ng'ombe wangu."

"Mchukue, shemeji," nikasema. "Kamba hiyo hapo. Mtoto atasoma."

Akamkokota ng'ombe. Nililia, sikatai, ila nilingoja kwanza apite mgomba wa mwisho. Bila maziwa sikuwa na nauli ya mtoto.

Jioni ile Eliamini alimpa mkewe Martha kibuyu akakame. Martha akakirudisha. "Majani aliyokula huyu ameyakata Mama Eliaichi. Maziwa si yangu." Eliamini akamwita mke wa mwanawe, naye akasema mgongo unamuuma. Jirani akasema hivyohivyo. Na kwetu mwanamume hakami.

Ng'ombe alilia mpaka kulipokucha, kiwele kimejaa. Asubuhi Eliamini alichuchumaa mwenyewe, mzee wa kanisa mzima, akapigwa teke yeye na kibuyu chake, na watoto wa shule wakimtazama uani. Adhuhuri alikuwa mlangoni kwangu na kamba mkononi.

"Mama Eliaichi, mpokee ng'ombe."

"Simpokei hivihivi."

"Sasa unataka nini?"

"Jumatatu Eliaichi anasafiri. Sanduku lake la bati ni zito. Utalibeba wewe, kichwani, mpaka kwenye basi, na utapita mbele ya kanisa."

Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi. Ng'ombe akalia tena. "Haya," akasema, nami nikachukua kibuyu changu.

Jumatatu alilibeba. Mimi na Martha tulimfuata mikono mitupu, tukitembea taratibu kama watu wa harusi. Penye kanisa wazee wenzake walimuuliza mtoto anapelekwa wapi. Nilifunga mdomo wangu makusudi.

"Shuleni," alisema Eliamini. Nikakohoa. Akaliweka sanduku vizuri kichwani. "Kusoma fizikia."