Injini Isizimwe

Ng'ombe wa kwanza alikuwa ng'ombe kweli. Alitoka vichakani upande wa Rujewa, akavuka barabara taratibu kama mwenye mali yake, na Zubery akapunguza mwendo, akampisha. Wa pili naye alikuwa kweli, maana alimwona mpaka mkia. Wa tatu ndiye hakuwepo. Zubery alikanyaga breki kwa nguvu zote, magunia ya kahawa yakasukumana nyuma, lori likaserereka na kusimama mshazari ndani ya vumbi lake lenyewe. Alipochungulia mbele hakuona kitu. Barabara ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho.

"Astaghafirullah," alisema.

Hakuna aliyemjibu. Kwenye kiti cha taniboi palikuwa na gunia la kahawa limekaa wima, limefungwa kamba kifuani lisimwangukie. Kampuni iliwaondoa mataniboi wote mwaka jana, ikaona pale panapokaa mtu panaweza kukaa gunia.

Alipapasa mfukoni akatoa pilipili kavu, akaivunja, akajipaka chini ya macho. Machozi yakamtoka. Siku ya kwanza pilipili humwamsha mtu. Siku ya tatu humliza tu, na usingizi unabaki palepale. Alikuwa amekwisha kutafuna buni mpaka ulimi ukafa ganzi. Alikuwa ameimba kaswida zote alizofundishwa chuoni Mbeya utotoni, akazirudia, akajikuta anachanganya ya Maulidi na ya harusi. Alikwisha kujipiga makofi. Hebu fikiria, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, peke yake porini, anajizaba vibao.

Si kwamba hakujua la kufanya. Alilijua sana. Vitani Burma aliendesha malori ya jeshi, na sajini wao aliwaambia jambo moja kila asubuhi: ukiona kitu kisichokuwepo, simama hapohapo, zima gari, lala. Nusu saa tu inatosha. Pilipili na nyimbo ni kujidanganya; dawa ya usingizi ni usingizi. Na usiende peke yako. Mmoja ashike usukani, mwingine aseme. Vitani, kwenye risasi, Zubery aliruhusiwa kulala nusu saa. Kwenye kahawa, hapana.

Asubuhi ileile, saa kumi na mbili, baridi ya Mbeya ikiwa bado imeganda kwenye vioo, alikuwa ameingia uani kutoka Iringa. Karani Gideoni alimkuta anashuka, akamkabidhi karatasi ya safari nyingine.

"Gideoni, ndiyo kwanza naingia. Sijalala tangu juzi."

"Utalala Iringa."

"Iringa waliniambia nitalala Mbeya."

Gideoni hakucheka. "Bwana Meneja anasema aliyechoka ana ruhusa ya kupumzika. Apumzike moja kwa moja. Na funguo ya kota ailete Jumamosi."

Kota yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati. Humo alilala mkewe Mwantumu, na mama yake Zubery aliyekuwa hawezi tena kusimama bila kushikwa. Zubery akaichukua karatasi.

Gideoni akapanda kwenye lori na funguo yake ndogo, akafungua sanduku la chuma lililofungwa chini ya dashibodi, akaweka karatasi mpya. Sanduku lenyewe lilikuwa la duara, kiasi cha sahani. Ndani yake mlikuwa na saa, karatasi ya mviringo, na sindano iliyoning'inia. Gari likitikisika, sindano hutikisika, karatasi inachorwa nyeusi. Gari likisimama, karatasi inabaki nyeupe. Jioni karani hufungua, akahesabu weupe. Weupe wa zaidi ya dakika kumi ulikuwa na faini. Wa nusu saa ulikuwa na barua. Madereva waliliita sanduku hilo Mchongezi.

Lakini watu si mawe. Haukupita mwezi, mmoja wao akagundua dawa ya Mchongezi. Malori yale yalikuwa makuukuu. Ukisimama ukaacha injini inanguruma, gari zima linatetemeka, na sindano inaendelea kuchora. Basi madereva wote wa kampuni ile, kutoka Mbeya hadi Iringa, wakajifunza kulala injini ikiwaka. Hawakuambizana hadharani. Ukimkuta mwenzako pembeni ya njia amelaza kichwa kwenye usukani na gari linaunguruma, ulipita polepole usimtimulie vumbi.

Sasa, vumbi la ng'ombe asiyekuwepo lilipotulia, Zubery alilitia gari gia, akaendelea. Hakutaka kusimama hapo. Alijijua, akilala peke yake ataamka magharibi. Alimtaka Kasian.

Kasian ndiye aliyekuwa taniboi wake miaka minne. Mbena wa Njombe, Mkatoliki, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio. Kazi yake hasa ilikuwa kuongea, maana alijua habari ya kila padri, kila ng'ombe aliyeibwa na kila ndoa iliyovunjika kuanzia Igowole hadi Tosamaganga, na usingizi ulikuwa hauthubutu kuingia mlango wa lori lile. Walipomwachisha, akapata kibarua cha barabara. Alipewa maili moja ya kuitunza: kufukia mashimo, kufyeka kando, kuzibua mifereji. Peke yake, na jembe, na toroli. Maili yake ilikuwa mlimani, kupita Igawa, ukielekea Makambako.

Saa saba mchana Zubery alimwona katikati ya mlima, ameinama kwenye shimo. Safari hii alimtazama mara mbili ahakikishe kama ni mtu.

"Kamwene, Zubery!" Kasian alipiga kelele, akatupa jembe. "Shemeji Mwantumu hajambo? Mama je? Toka asubuhi nimeongea na huyu tu." Alionyesha toroli. "Na yeye hajibu."

"Kasian, nakufa na usingizi. Nimeona ng'ombe."

Kasian aliacha mzaha. Alizunguka akamtazama machoni, akaona pilipili. "Loo! Lala ndugu yangu. Lala sasa hivi. Tambarare iko juu kule, nusu maili."

"Sifiki nusu maili."

Kasian aliangaza kando ya njia. Alitafuta jiwe kubwa, akaliegemeza nyuma ya gurudumu la kulia. Zubery akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, ile breki aliyoiripoti mara mbili akaambiwa spea inatoka Dar es Salaam. Kama angezima injini angetia gia, na gia ingelishika lori lile kama msumari. Lakini injini inayowaka haitiwi gia ukaondoa mguu. Aliiacha huru.

"Zima basi, mlima huu," Kasian alisema.

"Na Mchongezi?"

Kasian akatema mate kando. "Haya. Nalichunga jiwe mwenyewe. Kivuli cha turubali kikifika kwenye toroli, nakuamsha." Akalisogeza toroli hatua tatu, akaketi chini karibu na gurudumu. Kitu cha mwisho Zubery alichokisikia ni sauti yake ikianza habari ya katekista mmoja wa Mafinga aliyenunua baiskeli kwa mahari ya binti yake. Alilala huku anatabasamu. Ilikuwa raha, asikudanganye mtu. Ilikuwa muda mrefu hajasinzia huku akisikia sauti ya mtu.

Aliamshwa na kichwa chake mwenyewe kugonga mlango. Miti ilikuwa inakwenda mbele. Lori lilikuwa linakwenda nyuma. Alirukia breki kwa miguu yote, lori likakata kona, likaingia mtaroni na kulalia ubavu wa mlima. Injini ikazimika. Kimya kikawa kikubwa sana.

"Kasian!"

Alipanda mlima anakimbia na kujikwaa. Toroli lilikuwa limesimama palepale lilipowekwa, na kivuli cha lori kisingelifikia tena. Kasian alikuwa amelala kifudifudi kwenye alama ya gurudumu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia lile jiwe. Hakukimbia, maskini. Alipoliona linateleza, alijaribu kulirudisha.

Zubery aliketi naye barabarani kwa muda wa saa mbili kabla gari jingine halijapita. Alimfukuza nzi kwa kofia. Alimwambia, "Sema kitu," akijua anasema upuuzi.

Kesi ya kusinzia akiendesha na kumuua mtu haikuchukua hata asubuhi nzima. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye mafua. Alipangusa pua na kusikiliza kupitia kwa mkalimani. Inspekta wa polisi aliinua karatasi ya mviringo ili wote waione. Ilikuwa nyeusi kuanzia alfajiri mpaka saa saba na dakika arobaini.

"Mwambie atuonyeshe mahali aliposimama," hakimu alisema.

Zubery aliitazama karatasi. "Haionyeshi, Bwana. Nilisimama injini inawaka."

"Kwa nini dereva anayetaka kulala asizime injini?"

"Ili karatasi iwe nyeusi, Bwana."

Mkalimani alitafsiri, na Wazungu wawili mbele wakatazamana. Meneja akaitwa. Alisema chombo kimetoka Uingereza, kimepimwa, hakidanganywi. Na kama kingekuwa kinadanganywa, basi karatasi zote za miaka miwili kabatini mwake zingekuwa uongo, jambo ambalo halifikiriki. Alisema kampuni inasikitika sana juu ya kibarua aliyefariki. Jina lake hakulijua, Gideoni alimnong'oneza.

"Wewe unasema madereva wote wanafanya hivyo?" hakimu aliuliza.

"Wote, Bwana. Muulizeni Jailos."

Jailos aliitwa. Dereva huyu na Zubery walikuwa majirani wa ukuta mmoja kotani. Mtoto wa mwisho wa Jailos alikunywa uji kwa Mwantumu karibu kila asubuhi. Alisimama akizungusha kofia mikononi. Nyuma yake, kwenye benchi, Gideoni alikuwa ameweka daftari magotini.

"Habari hiyo siijui, Bwana," Jailos alisema. "Mimi nikisimama, nazima."

Zubery hakumchukia. Alikuwa anajua Jailos ana watoto saba wa kulisha. Lakini kilimuuma, kilimuuma kuliko kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu alichosomewa baadaye, kwa sababu sasa duniani hapakuwa na mtu hata mmoja wa kusema kwamba Zubery alisimama.

Mwantumu alirudisha funguo ya kota Jumamosi.

Masika yalipokwisha, mvua zilikuwa zimeuchana mlima wa Igawa vibaya. Ile maili haikupewa mtu mwingine. Walipelekwa wafungwa ishirini na askari mmoja. Zubery alipangiwa toroli. Alilijua kwa mpini wake, ulioungwa kwa waya na Kasian mwenyewe.

Siku ya nne, jua limeanza kupinda, lori lilipanda kwa taabu, likapunguza, likasimama pembeni hatua arobaini juu yao, pua ikielekea kileleni. Halikuzimika. Zubery aliinua kichwa. Kwenye dirisha aliona kofia anayoijua imelala juu ya usukani. Kando ya kofia, gunia limekaa wima, limefungwa kamba. Nyuma ya gurudumu Jailos alikuwa ameweka jiwe la ukubwa wa kiatu tu. Usingizi haukumpa nafasi ya kutafuta jingine. Chini mlimani, nyuma ya gari, wafungwa walikuwa wameinama mtaroni, wengine wamekaa.

Zubery alichukua jiwe kubwa kwenye toroli kwa mikono miwili, akatoka kwenye mstari.

"We! Unakwenda wapi?"

"Naliwekea jiwe lile gurudumu, afande."

"Gari lako?"

"Hapana, afande."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Dereva amelala, afande. Gari linaweza kurudi nyuma. Watu wako chini."

Askari alilitazama lori linavyonguruma na kutetemeka, akamgeukia Zubery na kucheka kwa hasira. "Amelala, na gari linawaka? Unanifanya mimi mjinga?" Akashusha bunduki begani. "Weka jiwe chini. Rudi mstarini."

Zubery hakurudi, na jiwe hakuliweka. Alisimama amelikumbatia kifuani, hatua thelathini tu kutoka gurudumuni, akilitazama lile jiwe dogo likitikisika, likitikisika, likisogea.