Joto la Injini

Anayesema nchi hii haina baridi hajawahi kupanda pikipiki. Namaanisha kupanda mbele, pale kwenye usukani, si nyuma ambako abiria hujikunyata na kujificha mgongoni mwako. Kutoka Kitengela kwenda Kisaju, saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, hakuna mti wa kukukinga wala ukuta. Ni uwanda mtupu, na upepo unakuja na hasira kana kwamba wewe ndiye uliyeukosea.

Nilifanya kazi hiyo mwaka wa 2009. Kabla sijasema yaliyonipata, acha niseme nilivyokuwa nikivaa, maana watu walinicheka sana na walikuwa na haki.

Ndani kabisa fulana mbili. Juu ya fulana, magazeti ya jana, kurasa nne kifuani na mbili tumboni, kwa sababu gazeti linazuia upepo kuliko sweta ya bei, mradi liwe kavu. Halafu shati, halafu sweta ya mke wangu Jacinta. Juu ya yote koti refu la kike, jekundu, lenye manyoya shingoni, nililolipata mitumbani kwa bei ya kutupa kwa vile hakuna mwanamume aliyelitaka. Magotini nilifunga vipande vya tyubu ya gari. Miguuni soksi, kisha mifuko ya nailoni, kisha soksi tena, ndipo gambuti. Kimanzi, mwenzangu wa steji, alikuwa akiniona tu anapaaza sauti kwa salamu ya Kimaasai.

"Sopa, Mama Odero! Leo unapeleka mtoto kliniki?"

"Ipa," namjibu. "Cheka tu. Wewe baridi itakumaliza ukiwa maridadi."

Lakini kifua na miguu havikunisumbua sana. Kilichoninyima usingizi ni mikono. Mimi kwa kazi yangu si mtu wa pikipiki, ni fundi wa nguo. Miaka kumi nilishona mifuko ya nyuma ya jeans katika kiwanda kimoja huko Athi River, mpaka oda zilipokatika mwaka wa 2005 na tukarudishwa nyumbani laini nzima ya mafundi. Mfuko wa nyuma unaonekana kitu kidogo, ila ukienda upande hata kwa upana wa uzi, suruali yote inatupwa. Unaushona kwa ncha za vidole. Kidole ndicho kinachoona ukingo wa kitambaa, macho yanafuata tu nyuma. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema, na tangu nitoke pale sijawahi kufanya jambo lingine lolote vizuri.

Mwezi wa Juni Waruguru alinipigia simu. Waruguru tulikaa mashini jirani miaka sita, tukila githeri katika sufuria moja, na sasa alikuwa supavaiza.

"Odero, tumepata oda mpya," akasema. "Wanaita watu wa zamani kwanza. Ni siku moja tu, Wednesday ya katikati ya Julai, saa tatu. Kutakuwa na test."

"Na nikikosa hiyo siku?"

"Ukikosa jina linatoka kwa list. Kutoka hapo wanachukua tu vijana, chini ya miaka ishirini na tano. Na usiniombe nikusaidie, kwa sababu test inasimamiwa na wageni wenyewe, wale wenye oda. Wewe kuja tu na mikono yako."

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Nilikata simu, nikaitazama mikono yangu, na kwa kweli niliogopa.

Kila asubuhi nikimfikisha abiria, vidole vilikuwa vyeupe kama vya maiti, havisikii kitu. Vikianza kurudiwa na damu vinawaka kama vimepakwa pilipili. Mchana kijiko kinanidondoka mezani, na mwanangu Morgan anacheka akidhani ni mchezo. Ikiwa nitafika kiwandani na vidole vya namna hiyo, afadhali nisiende kabisa.

Basi nikaanza kuvitunza, na hapo ndipo watu walipata jambo jingine la kunichekea. Nilikata miguu ya jeans kuukuu, nikatia bitana ya blanketi na katikati gunia la unga, nikashona vifuko viwili vikubwa na kuvifunga kwenye mikono ya usukani. Unaingiza mkono ndani, unashika klachi na breki bila kuonana na upepo. Steji nzima ilivunjika mbavu. Baada ya siku tatu za upepo walianza kuja mmoja mmoja, wakiongea kwa upole, wakiniuliza kama ningeweza kuwashonea. Wa Kimanzi nilimpa bure, nami sijamwona akicheka tena kuhusu hilo.

Jioni Jacinta aliniwekea maji ya vuguvugu na chumvi, nikiloweka mikono kama bibi harusi. Kisha alinipaka mafuta na kunisugua kidole kimoja kimoja. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa jirani kushona kwa cherehani yake, vitambaa vya bure bure. Jumapili ya mwisho nilishona mfuko kwa mwendo ule wangu wa zamani. Jacinta aliuchukua, akaugeuza mbele na nyuma, akauvuta pembe.

"Hii ni ya duka," akasema.

Usiku ule nililala kama mtoto. Ilikuwa miaka minne tangu nilale hivyo.

Jumanne jioni Jacinta aliniambia, "Baba Morgan, kesho usiguse hiyo pikipiki. Ikibidi enda na miguu."

"Na mwalimu?"

Mwalimu Njuguna alikuwa akifundisha katika shule moja ndani ndani, mbele ya Kisaju, kilomita sita kutoka lami. Alinilipa kwa mwezi, na ndiye aliyekuwa akilisha nyumba yangu. Mwanzoni kabisa alikuwa ameniambia kwamba siku nitakapomkosesha kazi, siku hiyo hiyo atatafuta mwingine. Hakuwa mtu wa maneno mawili.

"Mwalimu atafute mwingine," Jacinta akasema. "Si kesho unaandikwa?"

"Na nisipoandikwa?"

Alisimama pale na taulo mkononi, na mimi nikajiona nimeshinda mabishano. Hadi leo nakumbuka nilivyofurahia kushinda, na hujichukia sana nikikumbuka. Nilitaka kushika huku na huku. Kama ningekuwa na moyo wa kuachia mkono mmoja, leo ningekuwa nasimulia mambo mengine.

Tuliondoka na mwalimu saa kumi na mbili kasorobo. Hadi Kisaju mambo yalikuwa kawaida. Tulipoacha lami tukaingia ukunguni, na ukungu ukageuka manyunyu, yale ya Julai yasiyo na sauti wala haraka. Ukikaa ndani ya nyumba huwezi kujua kama yananyesha. Juu ya pikipiki yanaingia kila mahali. Vifuko vyangu vya mkononi vilikuwa vya kuzuia upepo, si maji. Blanketi likanywa mpaka likatosheka, gunia likalowa, nikawa kama nimeitumbukiza mikono katika ndoo ya maji ya kisima. Magazeti kifuani yaligeuka uji. Nilipomshusha mwalimu langoni mwa shule, alinitazama akatingisha kichwa.

"Wewe ni mtu wa kutegemewa, Odero," akasema, akaingia.

Kurudi ilikuwa mateso. Mara mbili nilisimama, nikatia mikono kwapani, kwapa nalo lilikuwa limelowa. Klachi nilikuwa nikiivuta kwa kuitazama, maana vidole havikuniambia kama vimeishika au la. Nilifika Athi River saa mbili na nusu, nusu saa kabla ya mtihani. Kimanzi alikuwa ananingoja karibu na lango la kiwanda, tulikuwa tumepatana airudishe pikipiki Kitengela. Nilimnyoshea mkono wa salamu, naye akaushika na kuuachia mara moja kama amegusa samaki.

"Omera, hii mkono imekufa," akasema. "Ngoja. Nakuletea chai kwa ile kibanda, ushike kikombe polepole. Usifanye kitu ingine. Shika kikombe tu."

Akaondoka mbio. Nami nikabaki nimesimama kando ya pikipiki, nikiona wenzangu wa zamani wakiingia langoni. Walikuwa wamevaa vizuri, wakisalimiana na kucheka, na mikono yao ilikuwa mikavu. Saa ya mlinzi ilisonga. Kibanda cha chai kilikuwa na foleni.

Sisi watu wa pikipiki tuna tabia moja ya asubuhi. Ukisimama, unavua glavu, unapiga injini kofi la haraka, paa, unaachia, unasugua viganja, unapiga tena. Kila mtu hufanya, na hakuna anayeungua kwa sababu ngozi yenyewe inakurudisha nyuma. Basi nikachuchumaa. Nilipiga kofi la kwanza, sikusikia kitu. La pili, sikusikia kitu. Nikajiambia injini imepoa kwa ajili ya manyunyu. Nikavilaza vidole vya mikono yote miwili juu ya chuma, vimenyooka, nikavikandamiza kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikingoja joto lije.

Harufu ndiyo iliyokuja kwanza. Nilidhani ni plastiki imegusa ekzosi. Kisha nikavuta mikono, na ngozi kidogo ikabaki.

Maumivu yalichelewa, lakini yalipokuja nilikaa chini kwenye tope na koti langu jekundu. Kimanzi alinikuta pale na kikombe mkononi. Alitazama injini, akatazama vidole vyangu, akaweka kikombe chini.

"Odero," akasema. "Odero, umefanya nini?"

"Nifungulie vifungo vya koti," nikamwambia. "Naingia."

"Unaingia wapi na hiyo mikono? Twende hospitali!"

"Kimanzi, ni leo peke yake."

Akanivua koti, akaninywesha chai mwenyewe kama mgonjwa. Niliingia.

Walitupa kwanza karatasi tatu, kama wanavyofanya siku zote. Unashona juu ya mistari bila uzi, sindano inatoboa tu: mstari ulionyooka, mstari wa kukunjakunja, kisha duara. Mgeni mmoja alikuwa akizunguka na saa shingoni, na Waruguru nyuma yake na orodha. Nilitumia viganja na mafundo ya vidole. Sijui nilivyoweza, lakini niliweza. Mashimo yalifuata mstari mpaka mwisho, na duara lilifunga pale lilipoanzia. Mgeni aliinua karatasi zangu kwenye mwanga akaitikia kwa kichwa. Kwa dakika hizo chache nilikuwa fundi, sina budi kusema ukweli, nilikuwa na furaha hata kwa maumivu yale.

Kisha wakaleta suruali. Hazikuwa za bluu. Zilikuwa za khaki nyeupe, mifuko mitano kila mtu. Mfuko hauwezi kuukunja kwa kiganja, lazima ncha za vidole zibane pembe. Nikabana. Malengelenge yalipasuka moja baada ya jingine, na kila pembe niliyoibana iliacha alama, maji ya manjano na damu kidogo. Nilishona yote mitano. Nilimaliza wa pili katika safu nzima, na mishono ilikuwa imenyooka. Nikakaa na mikono chini ya meza.

Mgeni alikuja, akachukua mfuko wa kwanza kwa ncha za vidole vyake. Alisema neno kwa Waruguru, akasogea kwa mtu mwingine.

Waruguru hakunitazama machoni. "Anasema kushona iko sawa," akasema polepole. "Lakini iko na doa. Kitu iko na doa ni reject, unajua hiyo sheria. Wewe ndio ulinifundisha."

"Mikono itapona, Waruguru. Wiki mbili tu."

"Hiyo wiki mbili sina." Hapo ndipo aliona mikono yangu, akafunika mdomo kwa ile orodha. "Baba Morgan, kwa nini hukunipigia simu? Kwa nini ulikuja na pikipiki?"

Alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu pale pale mbele yangu, kwa sababu mgeni alikuwa amegeuka kutazama. Simlaumu. Na yeye ana watoto.

Nyumbani Jacinta alisikia mlango ukigongwa kwa kiwiko akajua. Alinifunga vidole kwa vitambaa safi, na alipomaliza alikaa kitandani akalia, kilio cha kukaukia kooni, mimi nimesimama na mikono juu nisiweze hata kumshika bega.

Mwalimu Njuguna alikuwa na kazi siku iliyofuata, kama kawaida. Saa kumi na moja Jacinta aliamka, akanivisha fulana mbili, akapanga magazeti mapya kifuani, akanivalisha sweta yake na koti. Soksi za Morgan akazivuta juu ya vile vitambaa. Kisha akaanza kufunga vifungo vya koti, kuanzia chini, na mimi nikainua kidevu apate nafasi ya kile cha shingoni.

"Utaweza kushika breki?" akaniuliza.

"Nitashika kwa kiganja."

Akafunga cha mwisho, akanifungulia mlango.