Bernadina na Mchanga wa Eyasi

Habari ya kwenda ziwani aliileta Josephati kutoka kazini, kama alivyozoea kuleta mambo mengine ya ovyo. Alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na kila alipopata likizo alirudi nyumbani Karatu na tabia mpya ya kizungu. Safari hii ilikuwa pikiniki. Watu waliostaarabika, alieleza, hufunga chakula, wakateremka hadi ufukwe wa Ziwa Eyasi kwenye vilima vya mchanga, wakakaa chini, wakala, wakapigwa na upepo, wakarudi. Mama yake, Bernadina, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta maharage, kisha akamuuliza kama watu hao kwao hawana viti.

Sikukuu ya Sabasaba ilikuwa inakaribia. Shemeji yake Josephati, Aikaeli wa Machame, mwenye lori lililochoka kuliko yote pale mjini, angeteremka Mang'ola, kando ya ziwa hilo, siku hiyo kuchukua vitunguu. Asubuhi lori lingeshuka tupu. Kwa nini familia isipande, ishushwe ufukweni, na jioni irudi juu ya magunia? Ndeshi, mke wa Josephati, alilipenda wazo hilo mara moja, akaanza kupanga nani achemshe viazi na nani akaange maandazi, kama sukari ingepatikana.

Bernadina aliona ni upuuzi, na hakuficha. Wiki nzima hakukosa la kusema. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani madukani, watu wanagawana kipande kwa uzi, na hawa wanataka kwenda kujipaka vumbi kwa makusudi. Upepo si upo hapa hapa Karatu, unang'oa mabati ya watu bure, wala hauombi dizeli? Na kama raha yenyewe ni kula viazi vyenye changarawe, yeye angewachanganyia jikoni, wakae uani, safari iishie hapo. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Bernadina alijua kuchekesha, na sifa hiyo aliipenda kuliko alivyokubali.

Basi, na ukweli ni kwamba alitaka kwenda. Alitaka mpaka usingizi ukampungua.

Marehemu mumewe, Hhando, katika ujana wake alikuwa akiteremka ziwani na punda kuchota magadi ya ng'ombe, na kila aliporudi alisimulia juu ya vilima vya mchanga vinavyohama. Leo unakiacha kilima hapa, alisema, ukirudi baada ya masika upepo umekisogeza kule, na njia uliyopita huioni tena. Bernadina alimwita mwongo. Alimwita mwongo mbele ya watoto, mbele ya wakwe, hata mbele ya padri aliyekuja kunywa chai. Kilima kina miguu? Hhando alijibu neno lile lile kila mara, kwamba siku moja atampeleka akajionee. Hakumpeleka. Kuchota magadi ilikuwa kazi ya wanaume, halafu kifua kikamshika, akafa akiwa bado mwongo. Ukisimama mwisho wa shamba lao siku isiyo na ukungu, unaliona ziwa linang'aa huko bondeni, na tangu mazishi Bernadina alikuwa akisimama pale akijifanya anakagua mahindi. Kama vilima vile vinahama kweli, basi alimwonea mtu mwema maisha yake yote, na alitaka kumwomba radhi kule kule kwenye mchanga wake.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Lakini mwanamke huyu hakupewa kiuno cha kuinamia. Kwao alifundishwa hivi: mtu mzima akialikwa mara ya kwanza, anakataa. Mara ya pili anakataa pia, ila kwa upole. Mara ya tatu anaguna, analalamikia miguu, anabembelezwa, na mwisho anakubali kama mtu anayewafanyia wengine fadhili. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba duniani kuna watu waliolelewa vingine.

Mara ya kwanza alialikwa na Ndeshi.

"Mama, utakwenda na sisi?"

"Nikatafute nini mchangani, nimekuwa kuku?"

Ndeshi alisema sawa, Mama, akaenda zake kuteka maji. Kwao Machame neno likisemwa limesemwa. Bernadina alimtazama akitokomea, akajiambia kwamba binti huyu hana malezi, lakini si neno, bado kuna mara mbili.

Mara ya pili aliulizwa na Josephati mwenyewe. Bernadina akalainisha sauti, akasema angependa, lakini ng'ombe angemwachia nani. Huo haukuwa ukuta, ulikuwa mlango, tena umeachwa wazi. Mtoto yeyote mwenye akili angejibu kwamba jirani yao Yohani atawaangalia. Josephati alikaa akafikiri, akasema kweli kabisa, yeye ng'ombe alikuwa amewasahau, akamshukuru mama yake kwa kujitolea kubaki nao. Hoteli ilikuwa imemfundisha mambo mengi mtoto huyu, ikamsahaulisha namna ya kumsikiliza mzazi wake.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, akaja Elieshi, mama yake Ndeshi, kumsalimia binti yake. Aliulizwa mara moja tu. Akajibu kwamba anakwenda, na kwamba atakaa mbele na dereva kwa sababu nyuma kuna vumbi. Bernadina aliona haya kwa niaba yake. Alikwenda uzioni akamwambia Yohani kwamba mwanamke yule hata siku akiwekwa kwenye jeneza atadai kukaa mbele.

Asubuhi ya Sabasaba Bernadina alikuwa kibarazani mapema, amevaa gauni la kanisani, miguu imepakwa mafuta. Alipoulizwa kulikoni, alisema anangoja ukungu utoke akasali. Lori likaja. Watoto wakapanda, sufuria zikapanda, Josephati na mkewe wakapanda. Hakuna aliyemwambia neno. Injini ikaunguruma, na Bernadina akasogea mpaka ukingo wa kibaraza. Hapo Elieshi akatoa kichwa dirishani.

"Mama Josephati, njoo tubanane hapa."

Ilikuwa mara ya tatu. Bernadina alijisikia mwepesi kama msichana. Na kwa kuwa alikuwa mtu aliyelelewa, aliguna, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Aa, mimi na miguu yangu hii."

Akatulia, akingoja kubembelezwa.

"Pole sana, mkwe wangu," alisema Elieshi kwa huruma ya kweli. "Pumzika." Akapandisha kioo, lori likaondoka.

Walirudi jioni juu ya magunia ya vitunguu, weupe kwa vumbi, wanacheka. Lori lilipoingia uani kicheko kikakatika, kama watu wanaoingia kwenye nyumba ya mgonjwa. Bernadina hakungoja washuke. Aliuliza wamekuta nini huko.

"Hakuna kitu, Mama," alisema Ndeshi upesi. "Mchanga na upepo tu, kama ulivyotuambia."

"Na vilima?"

"Vipo," alisema Josephati. "Nilikikalia kimoja tangu tulipofika mpaka tunaondoka. Hakikusogea hata kidogo. Ulisema kweli, Mama. Baba alikuwa anatudanganya."

Bernadina alimtazama mwanawe, mtu mzima, baba wa watoto, aliyeketi juu ya kilima mchana kutwa akingoja kimtembeze kama punda. Hasira zikampanda, na kwa mara ya kwanza hazikuwa juu ya Hhando.

"Baba yako hakuwa mwongo," alisema.

Josephati akatabasamu, akadhani mama yake amechoka. Ndeshi akamshika mkono kwa heshima zote, akamwambia mwakani wangekwenda tena, ila asiwe na wasiwasi, maana wameshajua hapendi mambo hayo. Hawatamsumbua tena kwa kumuuliza.

"Nisumbueni," alisema Bernadina.

Wakacheka wote, Elieshi akiwashinda wengine, wakaendelea kushusha sufuria.