Anga la Nyamai

Nyamai alikuwa na povu machoni aliposikia nyuki. Bafu lake, pembeni mwa boma, lilikuwa na kuta nne za magunia na paa moja tu, lile la Mungu, na tangu alijenge hakuwahi kuona sababu ya kumfungia Mungu nje. Akajimwagia maji usoni, akafumbua jicho moja, akatazama juu. Kilichokuwa kikimtazama hakikuwa nyuki, na hakikuwa Mungu. Kilikuwa na mbawa nne zinazozunguka kama zimepagawa, na jicho moja lisilopepesa.

"Asi!" alipiga ukelele uliowatawanya kuku.

Mkewe Kasiva, aliyekuwa akichambua ndengu barazani, aliona magunia yakipasuka kutoa njia na mumewe akitoka mbio, taulo kiunoni, povu kichwani kama kilemba cha bwana harusi, kombeo mkononi. Kombeo hilo lilizoea kutundikwa mlangoni pa bafu, kwa kuwa tumbili wezi wa maembe hawangoji mtu amalize kuoga.

"Baba Mutindi, unaenda wapi uchi?"

"Si uchi! Nina taulo!"

"Hilo ni la kupangusia uso!"

Hakusikia. Jiwe la kwanza lilipita chini ya droni, la pili likapotea njiani. La tatu liliondoka likiwa na hasira za miaka yote ya ugomvi. Kikasikika kishindo kama cha sufuria kuangukia jiwe, na ile ndege ikapepesuka, ikashuka kwa ubavu hadi katikati ya shamba la ndengu.

Ugomvi wenyewe Mukuyuni nzima iliujua. Kati ya shamba la Nyamai na la Mbinya, mjane jirani yake, ulipita ukuta wa mkonge. Mbinya alishikilia kwamba baba mkwe wake, marehemu Mwau, alikufa akisema mkonge ule ulihamishwa ukavuka mpaka. "Mkonge kutembea?" Nyamai alizoea kumjibu. "Labda wa kwenu una miguu." Watu walicheka. Na mtu akishachekewa mara moja hutaka kuchekewa tena. Hivyo kwenye kikao cha mwisho cha ukoo, ulimi wa Nyamai uliteleza ukaenda mbali kuliko mkonge wowote. Alisema, mbele ya wazee, kwamba yuko tayari kula kithitu.

Hapo hakucheka mtu. Kithitu si kiapo cha kushika kitabu na kuinua mkono. Ni kile cha wazee wa kale, ambacho aliyekula kwa uongo hufa, na kikishamaliza naye kinaanza kuhesabu watoto wake. Wazee wakatazamana, wakapanga iwe Jumamosi. Mchungaji alikuja kumsihi, maana Nyamai ni mzee wa kanisa, akaambiwa kwa upole kwamba kithitu huogopwa na mwongo, naye Nyamai hana uongo wa kuogopea. Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Mkonge aliukuta hapo. Babake, Mutie, alimwambia ulikuwa hapo tangu enzi na enzi.

Ndiyo maana, akikimbia kati ya ndengu na mkono mmoja umeshika taulo, alijua kabisa aliyeituma ndege ile na kilichotafutwa.

Mwenyewe alitokea akipenya kwenye mkonge: kijana mwembamba, miwani ya jua kichwani, simu kubwa mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Githaiga, mpiga picha za harusi kutoka mji wa Salama, na alijitambulisha akiwa ameshapiga magoti kando ya droni yake kama mtu aliyefiwa.

"Nani alikupa ruhusa ya kupita juu ya shamba langu?" Nyamai alimfokea.

"Mzee, mimi nilipita hewani tu."

"Hewa ya nani? Hati yangu inaanzia chini kwenye mawe inaenda mpaka mbinguni!"

"Mpaka mbinguni?" Kijana alishindwa kujizuia. "Basi hata ndege za Mombasa hukubishia hodi?"

"Hizo hazisimami juu ya bafu langu! Ungepiga hodi, kijana. Hata mwizi wa kuku humsalimia mbwa kwanza."

Githaiga alikuna kisogo. Akaomba radhi, na aliomba kama mtu aliyelelewa. Alikuwa ameitwa na Mbinya, ambaye yeye alimwita Mama Mwongeli, alisema, kuangalia mahali pa kusimamisha hema la harusi ya bintiye. Lile shamba la mama lilikuwa jembamba kama ukanda na hema halikutoshea popote. Upepo uliisukuma ndege huku. Hakupiga picha ya mtu akioga.

"Tazama mwenyewe, mzee. Ukipata hata kisigino chako humu, nitaitafuna hii simu."

Nyamai akatazama, na kwa muda mfupi alisahau kukasirika. Hakuwahi kuliona shamba lake hivyo. Bati la nyumba liling'aa kama sarafu, miembe ilikuwa vifungo vya koti, Kasiva alikuwa nukta yenye khanga. Mvua ilikuwa imewakimbia, na ndengu zote, zake na za jirani, zilikuwa zimegeuka rangi ya chai iliyomwagikia mkeka. Hata hivyo, lilikuwa shamba zuri. Kifua kilimjaa.

"Na hili bomba ulilipitisha lini?" Githaiga aliuliza, akikuza picha kwa vidole viwili. "Limenyooka kweli."

"Bomba gani?"

"Hili."

Katikati ya rangi ile ya chai ulipita mstari wa kijani. Ulianzia kwenye lile jabali ambako familia zote mbili huanzia kuhesabu mpaka, ukashuka moja kwa moja hadi kijitoni, kama umepigwa kwa kamba. Haukuwa kwenye mkonge. Ulikuwa ndani kabisa ya shamba la Nyamai.

Hakuna mtoto wa Makueni asiyejua mtaro. Nyamai alichimba mitaro kabla hajajua kuandika jina lake, na alijua kwamba mtaro ukifukiwa, udongo wake hubaki mwororo na kushika maji hata miongo ikipita; palipo pagumu pakikauka, pale juu yake hubaki na uhai. Na alijua ni wapi watu walioelewana huchimba mtaro mrefu hivyo, usiopinda kufuata mteremko. Huchimba mpakani.

Akakaa, kwenye ndengu, na taulo lake.

Akakumbuka alivyokuwa akiswaga ng'ombe wa kulima, babake nyuma ameshika plau, na jinsi kila mwaka, mahali palepale, plau ilivyozama ghafla kana kwamba ardhi imefungua mdomo. "Ni mchwa," Mzee Mutie alisema kila mwaka. "Pita." Nao wakapita. Akakumbuka kaburi la mzee. Lilikuwa kati ya mstari ule na mkonge, peke yake, mbali na makaburi mengine ya ukoo, kwa sababu Mutie alijichagulia mwenyewe: alitaka alale anaposikia kijito. Kijito chenyewe hukauka karibu mwaka mzima. Walidhani mzee ana mashairi moyoni. Alikuwa akijizika kama kigingi.

Lakini lililomkata pumzi lilikuwa jingine. Wakati wa uhai wake, Mwau aliwahi kumwita Mutie kwenye kithitu kwa ajili ya mpaka uleule. Jumapili iliyofuata, kabla siku ya kiapo haijatimia, Mzee Mutie aliokoka. Alisimama mbele ya kanisa, akalia hadi kola ikalowa, akazikana mila zote za giza, akiwa wa kwanza katika ukoo. Na kwa kuwa aliyeokoka hali kithitu, wazee wakamwacha. Ushuhuda huo ndio uliomfanya Nyamai abatizwe, aoe kanisani, aitwe mzee wa kanisa. Ameusimulia mara nyingi kwa machozi yake mwenyewe. Nyumba nzima ya imani, na msingi wake ni mtaro uliofukiwa!

Akacheka peke yake, ghafla, kama anayekohoa.

"Mzee, uko sawa?" Githaiga alikuwa ameinama, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Kama picha inakuudhi, naifuta. Nifute?"

Kidole cha kijana kilining'inia juu ya kioo. Nyamai alikitazama kidole hicho kama mwenye kiu anavyotazama tone kwenye mdomo wa mtungi. Kijana hakujua alichokiona. Kesho angekuwa Salama akipiga picha za keki. Lakini jana Nyamai alikuwa mtu asiyejua, na asiyejua huenda hata kithitu humvumilia. Leo ameona. Tumbo hutapika, macho hayatapiki. Jumamosi angesimama mbele ya kile kitu, na nyuma yake angesimama Mutindi, binti yake, na mgongoni mwa Mutindi kichanga chake ambacho hakijaota jino. Ule mlango aliotorokea babake? Yeye alikwisha kuuingia zamani. Hauingiwi mara mbili.

"Ngoja," alisema. Sauti haikuwa yake. "Usifute. Nielekeze."

"Nikuelekeze wapi?"

"Kwenye hilo bomba."

Basi Kasiva, barazani, akaona kioja cha pili cha siku: mumewe akitembea kati ya ndengu kwa taulo, taratibu kama anayekanyaga mayai, na kijana wa watu akimfuata, macho yake yakiwa kwenye simu. "Kulia kidogo, mzee. Umepita. Rudi. Hapo." Kutoka chini hapakuonekana kitu, ila majani yaliyokuwa mabichi kidogo, jambo ambalo mtu angeweza kulipita maisha yake yote. Nyamai akainama, akachomeka vidole ardhini. Vikazama hadi kwenye mafundo. Vilitoka vimelowa.

"Baba Mutindi!" Mbinya alikuwa amefika kwenye mkonge, mikono kiunoni, leso imefungwa kwa vita. "Watoto wananiambia umeua ndege yangu."

"Imevunjika bawa tu, mama," Githaiga alisema haraka. "Nina jingine kwenye gari."

"Nimekuuliza wewe? Namuuliza huyu mwenye mbingu." Alimpima jirani yake kuanzia povu lililokaukia nywele hadi magoti. "Ama ndiyo nguo umeshona ya Jumamosi?"

Siku nyingine angepata jibu la kuvunja mbavu. Nyamai alifungua mdomo, akautafuta mzaha pale anapouweka siku zote, akakuta pako tupu.

"Nimesikia hema halitoshi," alisema hatimaye.

"Halitoshi. Na nani alisema litoshe, na shamba lenyewe ni kichochoro?"

"Liletwe huku. Hizi ndengu nitazing'oa." Akaelekeza kidole miguuni pake. "Likomee hapa. Hapa niliposimama."

Mbinya alicheka, cheko fupi la mtu anayejua anachezewa. Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye miguu ya Nyamai. Yakaenda kwenye jabali, yakarudi, yakafuata kitu kisichoonekana hadi kijitoni. Njiani yakapita juu ya kaburi la Mutie, yakasita. Mikono ilitoka kiunoni yenyewe. Mmoja ukaenda mdomoni.

"Ngai, Mungu wangu," alinong'ona. "Mzee Mwau aliniletaga hapa nikiwa bibi harusi. Alinishika mkono akanionyesha ulipokuwa mpaka." Akamgeukia Nyamai. "Nani amekuambia ni hapo?"

Nyamai aliinua macho juu. Anga lilikuwa tupu, la buluu, lisilo la mtu. Nyuma yake alisikia Kasiva akija, suruali ya mumewe mkononi, akiita jina lake kwa ile sauti ya chini ambayo Nyamai hakuwa ameisikia tangu msiba wa Mzee Mutie. Hakugeuka. Alisimama na taulo lake, vidole vya miguu vimezama katika udongo mbichi, na hakuthubutu kuinua hata kisigino, asije akapapoteza mahali.